Matarumbeta Mpaka Geti la Zahanati

Leo nimechoreka, aibu tupu. Tena nimejichora mwenyewe. Ngojeni niwasimulie kabla hamjatumiwa video.

Mnajua kazi yangu, mhudumu wa afya wa mtaa, huku Buza. Nina akina mama watano waliotoka Kongo, siku nyingi nawabembeleza wakapimwe saratani ya mlango wa kizazi. Wanaogopa majirani. Hasa Mama Neema (kanipa ruhusa niwasimulie, jina si lake). Hedhi aliagana nayo zamani, sasa damu imerudi, na bado ananiambia, "Dada, nikionekana pale, mwenye nyumba atasema niko na ugonjwa mubaya, atanifukuza."

Nikajifanya mjanja (mie tena!). Nikawaambia vaeni vitenge sare, jipambeni, mtaa ujue mnaenda kwenye shughuli. Nani atauliza?

Walipendeza hao! Tukatoka, mie mbele na kilemba changu, mama mzaa chema kabisa. Kufika kona ya msikiti, tukawakuta wapiga matarumbeta kwenye pikapu, wanasubiri watu wa harusi. Kuona sare tu, wakajua ndio sie. Wakatufuata wakipiga! Nikawapungia mkono waondoke. Wakadhani nimenogewa, wakaongeza! Wanawake wakatoka majumbani na vigelegele. Tunafika geti la zahanati, nina mtaa mzima nyuma yangu.

Kiongozi wao akanisogelea. "Mama, bibi harusi tunamchukulia humu?"

Hasira zikanipanda. Nikapayuka, "Bibi harusi gani? Hawa wamekuja kupimwa saratani ya kizazi!"

Wakashusha matarumbeta. Jamani, mdomo huu! Siri yao yote nimeimwaga mie, na yule mwenye nyumba yupo palepale, kashika kanga mdomoni. Nilitamani ardhi inimeze.

Mama Neema akaniangalia. Akamwangalia mwenye nyumba. Akakaza kitenge chake.

"Bibi harusi ni mimi," akasema. "Mupige!"

Wakapiga. Akaingia akicheza, mabega juu, wenzake nyuma yake. Nililia, sifichi.

Nesi kaona kitu, kesho nampeleka mwenyewe hospitali kubwa. Na huyo mwenye nyumba athubutu kumfukuza, atanijua mie ni nani!

Video imeshaanza kuzunguka, nimeachama mdomo wote. Haya, chekeni. Ila akina dada, chekeni mkiwa kwenye foleni ya kupimwa.