Kuzimiwa Wimbo Nikiwa Katikati ya Ugomvi

Badria binti Zahoro,
Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo.

Kwa Mkurugenzi,
Mtandao wa Zumari,
Posta, Dar es Salaam.

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Natumaini hamjambo nyote humo kwenye kiyoyozi. Mimi ni muuza vijora, na ni mwanachama wenu tangu 2010, enzi zile Bongo nzima ilikuwa Zumari kusikiliza muziki na kutafutana. Wenzangu wamehama, mimi nimebaki. Sasa mmeupaka mtandao sura mpya ili warudi. Hongereni. Ila mimi mmeniharibia, na nitaeleza kwa adabu.

1. Zamani mtu akifungua ukurasa wako, alipokewa na wimbo uliouchagua mwenyewe. Mimi wangu sikuuweka kustarehesha watu. Nina shoga yangu, Nunu, tangu tunacheza kombolela, siku hizi anakaa Ilala. Kwenye harusi ya jirani yetu Zulekha sare ilibadilishwa, na Nunu ndiye aliyekuwa msimamizi wa sare, asiniambie. Wanawake arobaini wameingia na zambarau, mimi peke yangu kijani, kama kisamvu kwenye sinia la pilau. Tangu siku hiyo hatusemeshani. Nikaweka taarabu ya kusuta wasaliti. Siku ya tatu naye akaweka ya kusuta wenye kijicho. Tumejibizana hivyo miaka kumi na mbili, na hatujatukanana hata mara moja.

2. Huo mtandao wenu mpya hauna wimbo wa mlangoni. Nafungua ukurasa wa Nunu, kimya. Kanisamehe? Kachoka? Anaumwa? Ilikuwa zamu yake kunijibu! Kabla ya kuzima mlimuuliza nani?

3. Badala yake kompyuta yenu inanichagulia muziki. Jana imenipigia wimbo wa kumbembeleza mpenzi, duka limejaa wateja, na mimi mjane mwaka wa tisa huu. Jamani!

4. Orodha ya Marafiki Wanane, ile ya kuwapanga wa kwanza hadi wa nane kila mtu aone, mmeifuta. Nunu nilimweka wa nane makusudi, ajue kashuka. Kwa nini sikumtoa kabisa, hayo si ya ofisi yenu.

5. Hili ndilo limeniliza. Mmeniletea picha yake na maneno, "Huenda unamfahamu mtu huyu." Huenda? Mimi niliyemsuka siku ya harusi yake? Mimi niliyeshikwa mkono mpaka ukafa ganzi akijifungua mwanawe Dalia? Nimekaa chini kwenye marobota, nimelia.

Kwa hiyo naomba wimbo wangu urudi. Kama mafundi wanahitaji muda, basi Afisa Uhusiano wenu aende Ilala na spika, asimame dirishani kwa Nunu, aupige mara tatu kwa siku, Ijumaa apumzike. Asubiri na jibu. Nunu akimmwagia maji, hilo si jibu, anafanya hivyo kwa kila mtu.

Nisalimie mafundi wa kompyuta, mlinzi wa getini na mama anayewapikia mchana. Hapa kwetu wote wazima, wanawasalimu.

Mwanachama wenu niliyebaki,
Badria binti Zahoro

Tanbihi: Nilikuwa nafunga bahasha, Nunu kaingia dukani analia, kanga ya msiba kiunoni. Alikuta ukurasa wangu kimya, akajua nimekufa. Kanikumbatia mbele ya wateja, halafu kanigombeza, eti niko hai na sijasema. Tumekunywa chai mpaka birika likakauka. Kanionyesha kwenye simu ujumbe wa kubadilisha sare, alinitumia humo humo Zumari, wiki nzima kabla ya harusi. Mimi nilikuwa sijui kama mna sanduku la barua. Basi, Mheshimiwa, wimbo msiurudishe, na Afisa abaki ofisini. Rudisheni Marafiki Wanane tu, nina mtu wa kumpandisha.