Rangi ya Asili ya Mtaa Wetu

Jumatatu, 3 Machi

Mama mkwe kanena. Hakunena na mimi, maana mkwe na mkwe wana heshima zao. Kanena na mke wangu, mlango ukiwa wazi, sauti ikipanda makusudi ili inifikie dukani. Eti nyumba ni yake, chumba cha mbele ni chake, na mwisho wa mwezi huu kama rangi yangu bado imejaa mle, nitoe vitu, chumba apewe mwanyumba. Mwanyumba! Mume wa dada wa mke wangu, muuza saruji na chokaa, mtu ambaye hajawahi kuwa na wazo hata moja maishani na bado mambo yanamwendea vizuri.

Ukweli ni kwamba rangi imedoda. Makopo ya kijani yamepanda hadi darini. Niliyachukua yote kwa mpigo kwa sababu dereva wa lori aliniambia ndiyo rangi ya mwaka. Hakusema mwaka gani. Wateja wanaingia, wanafungua kopo, wanauliza kama imeharibika. Mmoja alisema ni rangi ya nyongo. Wivu tu.

Mke wangu anashauri niyauze kwa bei ya chini, au basi nipande juu nikamwombe mama yake muda kwa adabu. Hana subira ya biashara.

Jumatano, 5 Machi

Mkutano wa mtaa. Afisa wa majengo ya kale kutoka halmashauri, dada mmoja mwembamba mwenye miwani na kisu kidogo mfukoni, akatutangazia kwamba mtaa wetu sasa ni urithi. Watu wakapiga makofi. Kisha akaeleza maana yake. Makofi yakaisha. Hakuna kubadili dirisha, mlango wala paa bila kibali. Hakuna vigae. Hakuna kuongeza ghorofa. Fundi cherehani wa nyumba ya pembeni akauliza kama kupumua nako kunataka kibali. Afisa akaliandika swali.

Halafu likaja la rangi. Nikakaa wima. Afisa atakwangua kuta zetu, tabaka baada ya tabaka, mpaka aipate rangi ya kwanza kabisa. Ikishajulikana, nyumba zote za mtaa zitapakwa rangi hiyo. Zote! Kwa amri!

Sikungoja mengine. Niliinuka nikaondoka, kichwa kinachemka.

Njiani mwalimu mkuu wa shule ya jirani akanisimamisha. Anataka kupaka madarasa, hachagui rangi, atabeba makopo yote nikimpunguzia kidogo. Nikamhurumia. Nikamwambia bei karibu inapanda.

Ijumaa, 7 Machi

Mama mkwe kliniki, miguu. Mke wangu sokoni. Ukuta ukabaki wangu peke yangu.

Nilichagua mahali pa nje, kando ya mlango wa duka, kimo cha goti, plasta ilipobanduka. Kwanza nilitaka kutumia rangi ya kopo. Nikajizuia. Mimi si mjinga! Rangi ya mafuta inang'aa, na nyumba hizi zilipakwa chokaa. Nikachukua rangi ya unga ya kijani, ile watu wanayotia kwenye sakafu, nikaikoroga na chokaa mpaka ikafanana na ya kwenye kopo kama pacha. Chokaa yenyewe ilibidi nikaitafute kwa mwanyumba. Akauliza ya nini. Nikasema ya choo. Akanipa bure. Anajiona sana yule.

Tabaka la kijani. Juu yake jeupe. Juu yake bluu hafifu, kwa ajili ya historia. Juu yake manjano, kama ukuta wote ulivyo sasa. Kila tabaka nikalikausha kwa mashine ya mke wangu ya kukaushia nywele. Mwisho nikarushia vumbi. Hata mimi nikapita mara ya pili nisipaone.

Jioni mke wangu akauliza kwa nini nywele zake zinanuka chokaa. Nikamwambia huo ni urithi.

Jumanne, 11 Machi

Afisa kafika. Akaanza pembe ya juu. Manjano, nyeupe, nyeupe, nyeupe, jiwe. Nikachukua kigoda, nikakiweka mbele ya mahali pangu, nikamsihi akae kivulini maana jua kali. Akakaa. Akakwangua. Manjano. Bluu, akaguna. Nyeupe. Kijani!

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akapiga picha. Akanusa. Akalowesha kidole akasugua, akatamka kwamba hii ni chokaa halisi, imekorogwa na unga kwa mkono, kazi ya fundi aliyejua anachofanya. Nikamshukuru kwa niaba ya marehemu. Akajiuliza kwa nini huku juu hakuna kijani. Nikamsaidia: mvua za zamani zilikuwa kali.

Kisha balaa. Akataka kumwuliza mwenye nyumba. Mama mkwe aliingia nyumba hii akiwa bibi harusi! Nilishapanga siku hiyo ashinde kwa binti yake mwingine, lakini miguu ilimkatalia. Akateremka ngazi pole pole, akishika ukuta. Afisa akamwuliza alipoolewa ukuta huu ulikuwa wa rangi gani. Mama mkwe akautazama ukuta. Akanitazama mimi, jambo ambalo huwa halifanyi. Nikaangalia viatu vyangu. Akasema macho yake siku hizi hayamsaidii, na kama mkwewe anasema kijani, basi waandike kijani. Akapanda zake juu.

Mke wangu akanivutia uani. Akaniambia mama yake anakumbuka mpaka nguo aliyovaa siku ile. Ukuta ulikuwa mweupe. Baba yao aliupaka mwenyewe, kwa mikono yake, wiki ya harusi. Ila mama hawezi kumwita mkwewe mwongo mbele ya mgeni. Nikamwambia hapo ndipo unapoona faida ya heshima.

Chakula cha jioni nilijipakulia.

Alhamisi, 20 Machi

Tangazo limebandikwa. Rangi ya asili ya mtaa: kijani. Nimeshinda! Nimeshinda kweupe!

Mtaa mzima umenuna. Fundi cherehani anasema nyumba yake itaonekana kama imekula kitu kibaya. Waseme watakavyo, sheria ni sheria. Nimeandika bei mpya ubaoni. Nimefunga kamba mbele ya duka ili foleni isije ikasukumana. Mwalimu mkuu alipita tena. Nikamwonyesha ubao. Akasoma, akaniangalia, akasoma tena, akaenda zake.

Ijumaa, 21 Machi

Kamba ipo. Foleni haipo.

Adhuhuri nikawaona majirani wanapita na mifuko ya chokaa begani, na vipakiti vya unga wa kijani. Fundi cherehani, kwa furaha ambayo haikuwa na ulazima, akanisomea sehemu ya chini ya tangazo. Rangi iwe ya chokaa tu, kama ilivyothibitishwa katika ukuta wa duka la rangi. Rangi ya mafuta marufuku kwenye kuta za mtaa mzima, maana inaziba ukuta usipumue. Akaongeza kwamba afisa alilieleza hilo vizuri sana mkutanoni, mimi nikiwa nimeshaondoka.

Mbio halmashauri. Afisa akanipokea kama ndugu. Nikamwomba aruhusu mafuta kidogo, hata upande mmoja wa mtaa. Akasema haiwezekani, ushahidi ni chokaa tupu. Nikasema pengine ushahidi umekosea. Akacheka, akanikataza kujishusha: ukuta wetu ndio bora kuliko kuta zote alizowahi kukwangua. Nilikaribia kukiri kila kitu. Hapo macho yakaangukia bango nyuma ya kiti chake, linaloeleza wanavyofanywa watu wanaoghushi majengo ya kale. Nikamshukuru kwa kazi nzuri.

Jumatatu, 24 Machi

Nilimfuata mwalimu mkuu shuleni na bei ya kuchekesha. Akanitembeza darasa moja baada ya jingine. Yote yameshapakwa. Rangi ya maziwa. Imependeza, inaudhi.

Mafundi wa halmashauri wamekifunika kile kipande changu cha kijani kwa kioo, na kibao cha kukataza watu wasiguse. Wageni wanasimama wanapiga picha. Mimi wananiomba nisogee.

Mwanyumba naye kaja kunishukuru. Hajui lolote, maskini. Anadhani ni bahati. Chokaa inamwishia kila siku, hana hata pa kuiweka. Akasema pa kuiweka, akatupia jicho chumba changu, akaona haya. Nilichukia zaidi kuona ana haya.

Jumatatu, 31 Machi

Mama mkwe safari hii hakupandisha sauti. Aliteremka mwenyewe, akasimama mlangoni pa duka, akaniita mwanangu. Akasema chumba kinakwenda kwa mwanyumba. Akasema angeniongeza mwezi, hata mwaka, kama ningepanda juu nikamwomba. Alikuwa akinisikilizia ngazini tangu siku ile aliponena.

Nilikuwa nimekumbatia makopo.

Nje mafundi walikuwa wanapaka ukuta wa nyumba yake kijani. Akawatazama kwa muda. Kisha akaniuliza mimi, kwa kuwa ndiye ninayejua sheria, kama anaruhusiwa kubakiza chumba chake cha kulala kikiwa cheupe. Nikamwambia sheria ni ya nje tu. Akasema Mungu ashukuriwe. Akaniombea dua, akapanda.

Nakiri nilijisikia vibaya. Ilichukua muda kupita.

Chumba chetu cha kulala sasa kimejaa makopo mpaka dirishani. Mke wangu amehamia juu kwa mama yake.

Jumatano, 2 Aprili

Nimelala vizuri, nikijibana. Kichwa chepesi.

Mke wangu aliteremka kuchukua nguo. Akaniuliza kama angalau nimejifunza kitu. Nikamwambia nimejifunza sana. Nikamkalisha juu ya kopo nikamweleza. Kosa langu lilikuwa ukuta. Ukuta unapumua. Mbao haipumui! Nimeshamwuliza seremala: milango yote ya mtaa inaruhusiwa rangi ya mafuta, na afisa anarudi Jumatatu kutafuta rangi ya asili ya milango. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akachukua na nguo zilizobaki.

Alipofika ngazini nikamwita, nikamwuliza mlango mkubwa wa nyumba nani aliutengeneza. Akasema baba yake. Akauliza kwa nini.

Nikamwambia hamna kitu. Mlango ule una matabaka mazuri sana. Kijani changu nimekianzia chini, karibu na bawaba, ambapo mama mkwe hashiki akipita.