Jina Langu Katika Kitabu cha Wafu

Jumatatu, 4 Machi 2024
Nimerudi Kindu baada ya miaka ishirini na miwili. Mama alizikwa mwaka jana. Sikufika, njia kutoka Kampene, kule machimboni, ni mbaya sana. Mdogo wangu wa kike, Emerance, anakaa katika nyumba ya mama na watoto wake wanne. Amenipikia sombe, majani ya muhogo, na samaki, amelia, amenipa kitanda chake. Vizuri. Lakini nyumba ni ya mzaliwa wa kwanza, na huyo ni mimi! Kesho naenda komini, ofisi ya serikali ya mtaa, kuchukua akti, yaani cheti, ya kuzaliwa. Nikiipata, Emerance atafute pa kwenda. Sijamwambia kitu.

Jumanne, 5 Machi
Karani wa komini anaitwa Mama Françoise. Mwanamke mgumu! Anasema vitabu vya zamani viliungua wakati wa vita, kwa hiyo nilete shahidi aliyenijua tangu kuzaliwa. Nikasifu kitenge chake. Akasema nilete shahidi. Nikamwekea jogoo mezani. Jogoo akanya juu ya mihuri. Tumefukuzwa, mimi na jogoo.

Alhamisi, 7 Machi
Shahidi amepatikana: mzee Okito, jirani yetu wa zamani. Nilimfundisha njia nzima: sema ulikuwepo nilipozaliwa, usiongeze neno. Mama Françoise akamuuliza kama anamjua Ferdinand, mtoto wa Sofia. Mzee akavua kofia.
"Namujua sana. Alikufa mu vita. Nilimulilia."
Nikamkanyaga mguu. Mama Françoise akauliza, na huyu aliyekuleta ni nani?
"Anasema njo yeye Ferdinand. Sikutaka kumubishia."
Basi karani akaenda kabatini, akafungua kitabu kingine, akanigeuzia. Ferdinand, mtoto wa Sofia. Alikufa 2002, mwili haukuonekana. Aliyetangaza kifo, mwaka 2005: mama yake. Mahali pa sahihi, alama ya kidole gumba.
Nilikitazama kidole kile muda mrefu. Wino ulikuwa umezidi.

Ijumaa, 8 Machi
Siku ya wanawake. Komini imefungwa, wote wako kwenye maandamano. Emerance hakwenda. Nilimuuliza kwa nini mama aliniua. Hakukasirika. Akasema mama alinitafuta miaka mitatu. Alikwenda kwa miguu mpaka Pangi, akiuliza wachimbaji kama kuna aliyeona maiti yangu. Mwisho akaingia komini, akamwambia karani: "Muntu asiye na kaburi, awe hata na karatasi."
Nami nilikuwa Kampene muda wote huo. Mzima! Nilingoja kwanza nipate dhahabu, nisirudi mikono mitupu. Salamu nilikusudia kutuma. Kila mwaka nilikusudia.
Chakula changu cha leo nimewapa watoto wake.

Jumatatu, 11 Machi
Mama Françoise anasema ni tribinali tu, yaani mahakama, inayoweza kunifufua, na lazima ndugu wa damu aape. Emerance amekubali kabla sijamaliza kuomba. Nikaanza kumshukuru, akanikatiza. Alijua tangu siku ya kwanza kwamba naitaka nyumba. Aliniona nikipima kuta kwa hatua. Akaniita kaka mkubwa, kama utotoni:
"Yaya, kwanza uwe muzima. Ya nyumba tutaongea."
Kesho saa tatu asubuhi, mbele ya tribinali. Nimeapa kwa jina la mama: hila basi.

Jumanne, 12 Machi
Nilikuwa njiani kwenda tribinali. Kweli kabisa! Mbele ya komini nikakutana na Dieumerci, yule anayewaandikia watu barua kwa mashine. Akaniambia bandarini wanatafuta walinzi, lakini wasiozidi miaka thelathini na tano. Mimi nina arobaini na minane. Nikasikitika. Halafu nikafikiri: mwenye arobaini na minane ni Ferdinand, na Ferdinand amekufa! Asiyekuwepo anaweza kuzaliwa mwaka wowote autakao.
Tangu asubuhi tuko kazini kwenye mashine yake, tunanitungia akti mpya. Sasa naitwa Bienfait, nimezaliwa 1990, Obokote, mbali kabisa, ambako hakuna anayenijua. Bado tunachagua jina la baba.
Saa nane mzee Okito amepita hapa. Anasema Emerance bado amekaa kwenye benchi la tribinali, amevaa kitenge kipya, hataki kuondoka.
Nitamwendea nikimaliza kuzaliwa.