Sarafu Zilizoikana Sumaku

Jumatatu, 3 Februari

Sudbury imeganda. Tanuru la kupashia nyumba joto limekufa, na Shangazi Rolande analala na koti. Amenikabidhi kopo la sarafu kuukuu za marehemu mumewe: nikazithaminishe, niziuze, tanuru litengenezwe. Akaniusia: “Philémon mwanangu, msomi ni wewe, usije ukapunjwa.” Nipunjwe mimi, niliyeandika kurasa arobaini juu ya unyonyaji!

Jumanne, 4 Februari

Sayansi kwanza. Babu alichimba nikeli ya mji huu mpaka mapafu yakamshinda, naye alitufunza kwamba sarafu halali ya Kanada hunasa kwenye sumaku, kwa kuwa ndani yake mna nikeli, jasho letu. Nimebandua sumaku ya friji. Zimenasa senti tano tele, ndugu zangu wa damu. Zilizokataa: robo dola na senti kumi nyeusinyeusi zenye sura ya mfalme. Bandia. Mfalme mwenyewe ametazama kando, kama mtu anayeona haya.

Jumatano, 5 Februari

Kwa Bwana Kowalchuk, muuza sarafu. Zangu halali amezisukuma kwa kidole: senti tano ni senti tano, kanunulie pipi. Zile bandia akazimulika kwa kioo, akashusha sauti, akataka kuzichukua zote kwa bei ya kutengenezea tanuru zima. Tangu lini bepari akapandisha bei kwa hiari yake? Nikamuuliza mbona zinaikana sumaku. Akajibu eti ni za kale, za madini ya fedha, na fedha hainasi. “Kijana, hili hata mjukuu wangu analijua.” Jibu la haraka mno, lilikuwa limeandaliwa. Nikazoa kopo langu, nikaondoka.

Alhamisi, 6 Februari

Mireille Lachapelle, mpinzani wangu wa uenyekiti wa chama cha wanafunzi, anazungusha mkebe kantini: mchango wa joto kwa wazee. Uhisani, plasta juu ya donda la mfumo! Nikamwagia humo bandia zote. Benki ikizigundua, kampeni yake imekwisha. Akasema asante, na kuuliza kama hotuba nimeisahau nyumbani.

Jumatatu, 10 Februari

Tanuru linanguruma. Mkebe wa Mireille ulipata sarafu za mfalme, Kowalchuk akazinunua zote, na jina la Shangazi ndilo lililotangulia kwa wazee wa kusaidiwa. Genge moja hilo. Sasa ni dhahiri. Shangazi ameuliza kopo lake limefikia wapi. Nimemweleza kwamba nimemwokoa na jela, na halali zote zi salama. Akasema nikazinunulie maziwa, na kwamba yeye kura yake angempa Mireille.

Nilikataa kuota joto la pesa bandia. Nikajikunyata jikoni na koti. Lakini mtafiti hahukumu bila ushahidi. Shangazi aliposinzia, nikaliwekea tanuru sumaku.

Imenasa.

Nimevua koti.