Kabati la Mabingwa Wasio na Vichwa

Leo nimepatikana. Tena nimepatikana hadharani, mbele ya wakwe, pasta na kuku.

Kabla mtu hajauliza: ndiyo, ni mimi niliyeandika hapa asubuhi, kwa herufi kubwa, kwamba katika kundi hili kuna MWIZI WA VICHWA. Naomba mfute ule ujumbe kwenye simu zenu, na kwenye roho zenu pia. Brayo, wewe hasa. Nitakufikia.

Kwa wale wageni, mimi ni Mutiso. Nauza misumari na rangi kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Kitengela. Hiyo ni kazi ya kutafuta unga. Kazi ya moyo ni hawa vijitu vya plastiki vya matofali ya kuunganisha, wale mabingwa wenye nguvu za ajabu, kimo chao hakifiki kidole cha kati. Nawakusanya, nawapanga kwenye kabati la kioo sebuleni, halafu nakuja hapa kuwakosoa bila huruma. Mnaniita Jaji. (Nililipenda hilo jina. Leo mnaweza kulichukua mwende nalo.)

Ni mimi niliyesema midomo ya Dada Kimbunga ilipakwa rangi na mtu aliyebebwa kwa bodaboda. Ni mimi niliyempa Mzee Barafu alama mbili kwa kumi kwa sababu joho lake linajikunja kama pazia la bafu. Na ni mimi niliyemwambia Brayo, mbele yenu wote, kwamba bingwa wake wa dhahabu ni feki na akamtundike kwa funguo.

Sasa sikilizeni. Mke wangu Nashipae ni Mmaasai wa Kajiado, mimi ni Mkamba. Kwao, mwanamume na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa umbali. Hamli pamoja. Hamkai chumba kimoja. Kushikana ndiyo kabisa, usithubutu. Kama kuna neno, linapitia kwa mke. Lakini pia kuna hili: mtu akikupa ng'ombe, mnaacha majina yenu, mnaanza kuitana Pakiteng. Yeye anakuita Pakiteng na wewe unamwita Pakiteng, mpaka mwisho wa maisha. Mama mkwe wangu, tangu harusi, ananiita "huyo wa vidoli." Leo alikuwa anipe mtamba kutoka zizi lake. Leo nilikuwa niwe Pakiteng. Nilikuwa nimelingoja hilo jina mpaka nikalijaribu mbele ya kioo cha bafuni.

Mambo yalianza Alhamisi, ingawa sikujua kwamba yameanza. Mama mkwe alikuja Kitengela kununua uzi na shanga, kwa sababu ni fundi wa shanga anayejulikana kwao kote, halafu akapitia kwetu apumzike. Nilipokuja nyumbani kula chamcha nikakuta ndala zake mlangoni. (Ukikuta ndala za mama mkwe mlangoni, wewe ni mtu wa nje.) Nashipae akanitolea sahani ya githeri, nikakaa kwenye ngazi nikala. Mara nikasikia sauti ya Nashipae kutoka ndani.

"Mutiso! Yeyo anauliza hawa watu wa kabati ni wa nini." (Yeyo ni mama, kwa Kimaasai.)

Jamani. Miaka yote hii hakuna mtu wa familia ile aliyewahi kuniuliza. Niliweka sahani chini.

"Mwambie ni mabingwa! Wanaokoa dunia!"

Nikasikia Kimaasai kidogo, halafu kicheko kidogo.

"Anauliza mbona wamekasirika hivyo."

"Mwambie hiyo ni sura ya vita! Lakini kichwa kinatoka, unaweza kuweka kingine! Atoe kofia, halafu avute kichwa!"

"Anasema kimetoka."

"Aangalie ndani! Kiko na tundu kutoka chini mpaka juu! Hiyo ya juu wameiweka ndio mtoto akimeza aendelee kupumua!"

Kisha: "Anasema hao watu walifikiria sana."

Walifikiria sana! Nilimaliza githeri yangu nikijiona profesa. Jirani wa ghorofa ya juu alikuwa amesimama nyuma yangu na jerikeni, anangoja nimalize kupigia ukuta kelele ili apite. Sikujali. Nilirudi dukani nikimwacha mama mkwe sebuleni na mabingwa wangu, saa nzima ya mchana, na shanga zake, na sindano yake.

Ijumaa Brayo alipita nyumbani na yule bingwa wake wa dhahabu, akitaka nimtazame mara ya pili. Nilimtazama mara ya pili. Bado ni feki. Brayo akakaa kidogo sebuleni nikiwa naoga, kisha akaondoka amenuna. Wekeni hilo akilini.

Leo asubuhi tukawa tunajiandaa kwenda Kajiado. Nimevaa shati jipya, nimepaka mafuta mpaka viwiko. Nikasema acha nimbebe Bingwa wa Radi kwenye mfuko wa shati, aniletee bahati. Nikafungua kabati, nikamshika, nikamvua kofia ya chuma nimpanguse vumbi.

Hakuna kichwa.

Nilidhani kimedondoka. Nikamvua kofia Dada Kimbunga. Hakuna kichwa! Mzee Barafu, hakuna kichwa! Nikavua kofia zote, moja baada ya nyingine. Kabati zima lilikuwa limejaa mashujaa waliosimama wima, kofia imekalia shingo, ndani hakuna mtu. (Na mimi ndiye yule anayejua feki akiwa ng'ambo ya barabara. Nimepita mbele ya kabati hilo tangu Alhamisi nikipiga mluzi.)

Nilipiga kelele. Nashipae akatoka chumbani mbio na kiatu kimoja.

"Nini? Nani amekufa?"

"Wote!"

Aliangalia kabati, akaniangalia mimi. "Mutiso, wazee wanangoja. Hiyo maneno ya vidoli tutaongea jioni."

Tutaongea jioni! Watu wamekatwa vichwa! Basi nikiwa njiani, damu imenipanda, nikaandika ule ujumbe mliousoma. Sikutaja jina. Niliandika tu kwamba ni mtu aliyekuja kwangu Ijumaa, mwenye wivu, mwenye bingwa wa dhahabu. Brayo akajibu papo hapo:

"Buda, ulisema sijui orijino na feki. Sasa nikikuja kuiba, niliiba ya nini?"

Nikamtumia picha ya polisi. (Mungu nisamehe.)

Tukafika. Boma la wakwe liko mbele ya mji wa Kajiado, ukielekea Bissil. Hema limesimamishwa, wamama wamevaa shanga mpaka jua likapata kazi, na mtamba wangu amefungwa kwa nguzo, mweusi, ana alama nyeupe kwenye paji la uso. Nilipomwona nikasahau vichwa kwa dakika kadhaa. Nikawainamia wazee, wakanigusa kichwa mmoja mmoja. Mama mkwe alikuwa upande wa pili wa uwanja, mahali pake pa heshima, na mimi nikakaa upande wangu. Pasta akaomba, tukasema amina.

Mjomba wa Nashipae, Mzee Lemayian, ndiye aliyekuwa mshereheshaji. Akasimama na rungu lake.

"Kabla ya ng'ombe," akasema, "mama ako na kitu kidogo ya mkwe wake."

Mama mkwe akasimama na kitu amekifunga kwa leso. Akaongea Kimaasai taratibu, na mzee akatufasiria.

"Anasema hivi. Huyu kijana ako na watu wake anapenda sana. Lakini amewafungia kwa kioo, hakuna mtu anaguza, hata yeye mwenyewe hatembei nao. Anasema mtu ukipenda, unatembea naye. Kwa hivyo amekutengenezea kitu."

Wamama wakapiga vigelegele. Mimi bado sikuelewa. Naapa sikuelewa! Nilikuwa nimeinamisha kichwa kama nilivyofundishwa, macho chini, nikingoja shangazi wa Nashipae anivishe, maana mama mkwe mwenyewe hawezi kunisogelea. Mama mkwe akaja mpaka nyuma ya shangazi, akanyoosha mkono wote ili ampe mkufu. Leso ikafunguka. Mkufu ukaning'inia mbele ya pua yangu.

Shanga nyekundu, shanga nyeupe, shanga za buluu. Na katikati ya shanga, uso wa manjano.

Ulikuwa na midomo iliyopakwa rangi mpaka shavuni.

Ninaijua ile midomo. Nimeiandikia aya tatu.

"VICHWA VYANGU!"

Hiyo ni sauti yangu. Waliokuwa barabarani waliisikia. Kabla akili haijafika, mikono ilikuwa imeshafika: nikaudaka ule mkufu, na pamoja na mkufu nikadaka vidole vya mama mkwe. Nimemshika. Mama mkwe. Mkono. Mbele ya ukoo! Yeye kwa mshtuko akavuta kwake, mimi kwa ujinga nikavuta kwangu, na uzi ukakatika.

Vigelegele vikanyamaza vyote kwa pamoja. Pasta akafumba macho tena bila mtu kumwomba. Vichwa vya mabingwa vikabingirika kwenye vumbi, chini ya viti, chini ya sufuria za wali, na mimi nikawa tayari niko kwa magoti na shati langu jipya, naokota. "Usikanyage! Mzee, inua mguu! Huyo ni Mzee Barafu!" Mzee Lemayian akainua mguu. Akaangalia kile kichwa, akaniangalia mimi, akauliza kwa upole, "Kijana, uko sawa?"

Halafu wakaja kuku.

Kuku wa boma akiona kitu kidogo cha manjano kinabingirika, hana mjadala. Nilimwona jike mmoja mwekundu akitembea bila haraka. Nikasema weh! Nikatupa kiatu. Akainama, akadonoa, akanyoosha shingo mara mbili.

"Amemeza Bingwa wa Radi!"

"Amemeza nini?" Mzee akauliza.

Nashipae akasimama, akawaeleza kwa Kimaasai. Alieleza kwa muda mrefu. Sikuelewa ila jina langu, na lilitajwa mara nyingi. Bibi mmoja asiye na meno akaanza kucheka peke yake, halafu mwingine, halafu hema zima likaangua kicheko. Wazee wanafuta machozi kwa shuka. Hata pasta.

Mama mkwe peke yake hakucheka. Alikuwa amebaki na kipande cha uzi mkononi, anakiangalia. Shanga zile alizipanga kwa mkono wake, kila uso akaugeuza uangalie nje, usimkasirikie anayeuvaa. Nikajiona mtu mdogo kuliko hao vijitu. Sijawahi kuona aibu kama ile, na si aibu ya kuchekwa.

"Nashipae," nikanong'ona nikiwa bado kwa magoti, "mwambie ni mzuri. Mwambie sijawahi kuona kazi kama hiyo."

"Mwambie wewe. Si umeshamshika mkono?"

Basi nikasema, nikiongea na vumbi. "Mama, nisamehe. Huo mkufu ni kumi kwa kumi."

(Wazee wa kundi mnajua. Sijawahi kumpa mtu kumi kwa kumi.)

Mama mkwe akamwuliza kitu mtoto wake. Nashipae akanigeukia.

"Anauliza, kumi ya nini?"

Nikamrudishia vichwa vyote nilivyookota, nikaviweka kwenye leso, nikasema kama atakubali kuvitunga tena, nitauvaa mpaka dukani. Akavipokea. Akafikiri. Akaongea, safari hii maneno machache tu, na nilimwona Nashipae akiuma mdomo asicheke.

"Anasema mtamba arudi kwa zizi akomae kwanza. Na wewe pia ukomae."

"Sawa."

"Na anasema uende na huyo kuku. Mtu wako ako ndani."

"Sawa."

"Na usiwe na wasiwasi. Ulimwambia mwenyewe, hiyo kitu hata ikimezwa, mtu anapumua."

Ndivyo nilivyotoka kwa wakwe. Nilienda kuchukua ng'ombe, nikarudi Kitengela na kuku kwapani, na njia nzima akinitazama kwa jicho moja. Sasa hivi amefungwa kwa mguu wa kabati. Juu yake wamesimama mabingwa bila vichwa, na yeye ana vichwa viwili. Simchinji. Msiniulize mara ya pili.

Nilikuwa nimeandika mpaka hapo nikidhani kisa kimeisha. Nashipae ndiyo ameingia na simu sikioni.

"Yeyo anauliza kama Pakuku amefika salama."

"Mwambie kuku yuko sawa, amekula mahindi."

"Haulizi kuhusu ndege."

Jamani. Mtu akikupa ng'ombe ni Pakiteng. Hakuna aliyewahi kusikia habari ya kuku. Wazee wamejadili jioni nzima, wamepitisha. Mimi si "huyo wa vidoli" tena. Mimi ni Pakuku, na kwa kuwa jina hilo ni la pande mbili, kuanzia leo mama mkwe wangu naye, mwanamke wa heshima zake, fundi wa shanga wa Kajiado nzima, amekubali nimwite Pakuku mpaka kufa. Nimekaa chini ya kabati nikalia kidogo. Kuku ameshuhudia.

Brayo, ndugu yangu, nisamehe, hukuiba kitu. Bingwa wako bado ni feki, lakini ana kichwa. Na atakayeandika "ko ko ko" hapa chini, namtoa kwenye kundi.