Malalamiko Dhidi ya Mashine Inayonyamaza Mbele ya Takataka

Corbie Flat, Victoria
Jumatatu

Ndugu Mhariri wa Jarida la Chama cha Watafutaji,

Pole na kazi za jarida. Mimi ni Imogen, nina miaka kumi na mitano, mjukuu wa mwanachama wenu Bwana Lindsay Pascoe. Si mzungumzaji, hata ripoti yangu ya shule husema hivyo kila muhula. Ndiyo maana naandika.

Juzi Jumamosi chama kilishindanisha mashine za kutambua metali kwenye uwanja wa zamani wa mandari, ambao ardhi yake, kama ujuavyo, ni takataka zilizochanganywa na udongo kidogo. Babu akawa wa mwisho. Kwa hiyo kamati imeamua kwamba kuanzia Jumapili ijayo mashine kama yake, inayolia kwa kila kitu, isitumike tena pale.

Pete ya ndoa ya Bibi ilipotea uwanjani hapo mwaka 1981, alipoivua ili akande nyama ya kusaga. Jumapili hiyo hiyo wanatimiza miaka hamsini ya ndoa, na Babu ameahidi kumvisha pete ile ile. Amebakiwa na Jumamosi moja tu, na baada ya hapo basi. Naomba uamuzi ubatilishwe kwa sababu hizi:

1. Hesabu ni ya dhuluma. Sarafu ni alama tano, na kila takataka inakata nusu alama. Tangu asubuhi hadi saa tisa, Bwana Gavin Schultz na mashine yake mpya walichimba mashimo manane: sarafu sita, takataka mbili. Alama 29. Babu alichimba mashimo 134 na kuyafukia yote. Alipata sarafu tatu, misumari 36, vishikio vya kufungulia makopo ya bia 88, vifuniko sita na nusu ya kiatu cha farasi. Akapewa hasi hamsini na nusu. Mzee wa miaka sabini na sita amefanya kazi siku nzima na anadaiwa alama.

2. Mashine ya Bwana Gavin imetegwa iruke vishikio vya makopo. Kila mwanachama anajua kwamba kishikio na pete nyembamba ya dhahabu hulia sauti moja. Kwa hiyo mmempa kikombe aliyepita juu ya dhahabu kimya kimya. Kwetu mtu asiyesikia hapewi kikombe, hupelekwa kwa daktari wa masikio.

3. Lugha iliyotumika. Wakati wa chai Bwana Gavin alimuuliza Babu, "Mzee Lindsay, hiyo ni mashine au kuku anayetaka kutaga?" Babu akamjibu, "Wangu angalau anataga, mwanangu. Wako kazi yake kulala." Watu walicheka, lakini jibu la Babu halikuandikwa popote kwenye matokeo, na mimi naliona lina alama.

4. Usafi. Desturi yetu ni kwamba ulichokichimba unaondoka nacho. Kwa miaka arobaini na minne Babu ameondoka na ndoo 212, na zote ziko kwenye banda letu. (Bibi huegesha gari nje.) Mashine mpya inang'aa kwenye ardhi aliyoisafisha Babu. Ili ulinganisho uwe wa kisayansi, napendekeza ndoo hizo zirudishwe na zifukiwe upya na washindi watatu wa kwanza. Trela tunayo.

5. Hili ndilo kubwa. Mashine hulia tu, anayetambua ni mtu. Babu hutazama kila kitu kwa heshima. Nimemwona akifuta msumari kwa shati lake na kuusoma kama barua. Hakuna kinachopita mkononi mwake bila kujulikana. Kwa msingi huo, naomba mashine zote mpya zifungiwe hadi wenye nazo wachimbe vishikio elfu moja kwa mkono na wajifunze kutazama.

Nisalimie wanakamati wote, Mama Marjorie na keki zake za nazi, na hata Bwana Gavin na mbwa wake, ambaye hana kosa.

Mjukuu wa mwanachama, kwa heshima nyingi,
Imogen Pascoe

N.B. Kabla ya kubandika stempu nimeihesabu upya ndoo ya Jumamosi, ili takwimu zangu zisiwe na kasoro. Vishikio ni 87. Cha 88 ni pete. Ndani imechorwa N na L, herufi za Bibi na Babu, na 1975. Babu aliichimba mwenyewe na kuitupa ndooni bila kuitazama. Kwa kanuni zenu, ambazo nimeziita za dhuluma, kito cha dhahabu ni alama mia, na Babu ndiye mshindi kwa alama 50.

Sijamwambia. Leo nimeifukia tena uwanjani, hatua tatu kutoka kwenye bomba la maji. Tafadhali usichapishe barua hii kabla ya Jumapili, na umwombe Bwana Gavin amwazime Babu mashine yake Jumamosi, ila asiitege iruke vishikio. Bado itaruka misumari, kwa hiyo italia mara chache, na Babu atapata nafasi ya kutazama. Ile yake nayo itaipata pete, hilo sina shaka nalo. Ninachohofia ni ndoo.