Viazi Juu ya Mabomba ya Kusikilizia Mbingu

Jumatatu, 10 Juni

Baridi ya kupasua midomo. Vizuri. Mwezi huu baridi ndiyo mali yetu. Viazi vinalala nje siku tatu, vinaganda, tunavikanyaga kwa miguu mitupu mpaka maji yaishe, vinakuwa chuño, na chuño hukaa miaka ghalani. Nyumba isiyo na chuño haina la kusema mbele za watu.

Nimeshuka bondeni asubuhi na punda wawili wa viazi. Bonde limejaa! Viazi vya Prudencio vimetandazwa mpaka juu ya mawe yangu ya mpaka. Prudencio ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu Eulalia, na ni mtihani niliopewa na Mungu. Alikuwa amekaa juu ya gunia tupu, anakunywa uji. Nikamwambia hapo ni pangu tangu enzi za marehemu baba. Akanijibu kwamba baridi haina hati, na kwamba mtu mwenye ufunguo wa mbingu asigombanie ardhi na sisi wanyonge.

Kijicho hicho. Ufunguo ninao mimi, wa kituo. Kituo ni uwanja wa seng'enge huko juu, na ndani yake kuna magurudumu manne ya mabomba yaliyolazwa chini na kufunikwa kokoto. Mabomba yanapokea hewa na kuipeleka kwenye chombo kinachosikia sauti nzito mno, ambazo sikio la mtu halizipati: kimondo kikipasuka juu kabisa, au mabaki ya roketi na setilaiti yakirudi duniani. Mhandisi Ximena anasoma yote akiwa La Paz. Kazi yangu ni kufunga lango, kufukuza lama, wale wanyama wetu wa sufu na mizigo, na kusafisha matundu ya mabomba. Ni kazi ndogo, najua. Lakini nina miaka hamsini na tatu, na sijawahi kupewa kitu kingine kilichofanya watu waniite Bwana Wenceslao.

Shida ni moja. Kwetu kila kazi huzunguka nyumba kwa nyumba, mwaka mmoja mmoja. Mkutano ni Jumapili ya tarehe 23, na zamu ijayo ni ya nyumba ya Prudencio. Ila mhandisi ameniahidi: kumbukumbu za chombo za mwezi huu zikiwa safi, atakuja mkutanoni aniombee mwaka wa pili. Naiwaza ahadi hiyo hata nikiwa natafuna.

Jumanne, 11 Juni

Nimepata wazo. Nimelizungusha kichwani tangu nilipoamka na sijaona kasoro.

Ni wapi kijijini palipo tambarare, pana kokoto, panapigwa na sakitu kuliko bondeni, na lama hawaingii? Kituoni. Nani ana ufunguo? Na kiazi hakina sauti. Nimekishika kimoja sikioni kwa dakika nzima. Kimya.

Nikiwa napakia punda, mhandisi akapiga simu. Kasema kuna kipande cha roketi kuukuu kinashuka wiki hii, kati ya Ijumaa na Jumapili, na njia yake huenda ikapita juu yetu. Kituo chetu kikikisikia vizuri, na kingine cha mbali kikisikia pia, watajua vipande vimeangukia wapi, na kama vimeangukia watu. Kwa hiyo asikanyage mtu ndani ya seng'enge. Nikamwambia hata panya hatapita. Nilisema kwa moyo wote. Kisha nikapeleka viazi, safari sita.

Nimevitandaza kwenye gurudumu la tatu, lililo mbali na barabara. Eulalia kauliza kama nimeomba ruhusa. Nikamweleza kwamba mwenye ufunguo hujiomba mwenyewe na hujikubalia mwenyewe. Kanitazama kama anavyoitazama sufuria iliyoungua.

Jumatano, 12 Juni

Sakitu ya ajabu. Viazi vimekuwa mawe. Nimeingia kuvigeuza nikiwa na soksi tatu tatu kila mguu, hatua moja, napumzika, hatua moja. Kazi ya nusu saa imenichukua asubuhi nzima.

Saa sita simu. Mhandisi kasema gurudumu la tatu linatoa mdundo wa ajabu, kitu kizito kinatembea na kusimama, kinatembea na kusimama. Kauliza ni nini. Nikasema ni lama. Akauliza lama wa nani. Hapo ningeweza kusema lama wa porini, ningekuwa salama. Ulimi wangu ukasema lama wa Prudencio.

Jioni alikuja langoni mama mkwe, Saturnina, mama yake Eulalia na Prudencio. Ni kiziwi mwaka wa kumi na moja sasa. Akaniuliza, kwa sauti ya kuamsha kijiji, eti naichungaje sauti isiyosikika. Nikamweleza kwa mikono. Akacheka mpaka akashika seng'enge. Akasema, "Hata mimi sisikii kitu, mkwe wangu. Mbona sijapewa ufunguo?"

Alhamisi, 13 Juni

Prudencio kaja amevimba. Mhandisi kampigia simu akimwomba kwa adabu afunge lama wake. Lama wake wako kwa binamu yake ng'ambo ya mlima tangu Pasaka. Nikasema labda ni makosa ya mtambo. Akachungulia ndani ya seng'enge, akaona viazi vyangu, akanyamaza. Prudencio akinyamaza ni hatari kuliko akitukana.

Jambo zito zaidi: viazi vyangu vinakanyagwa kesho. Nilikanyaga vya kila mtu, sasa ni zamu yao kunilipa ujima, na ujima ukishapangwa hauahirishwi. Viazi navyo havingoji, jua likivikuta mara ya nne vinaoza. Na kuvihamisha kunahitaji watu wale wale waingie na magunia.

Nimefikiri sana. Roketi inashuka kati ya Ijumaa na Jumapili. Katikati ya Ijumaa na Jumapili ni Jumamosi. Hesabu haina undugu. Itashuka Jumamosi.

Ijumaa, 14 Juni

Imeshuka leo.

Tulianza saa tatu, jua lilipolegeza sakitu. Watu kumi na mmoja, sketi na suruali zimekunjwa, miguu mitupu, tunakanyaga viazi juu ya mabomba ya kusikilizia mbingu. Hakuna aliyevaa soksi ingawa niliomba. Mama mkwe aliongoza wimbo kuhusu wakwe wavivu, na watu waliitikia kwa visigino. Prudencio alikanyaga kuliko wote, kwa makusudi, naapa.

Ndiye pia aliyeona kwanza. Alisimama, mdomo wazi, uso juu. Tukatazama. Upande wa magharibi ulitokea mstari mweupe ndani ya mchana mweupe, kisha ukagawanyika vipande vinne, vitano, vinafuatana polepole kama ndugu wanaotoka mazikoni. Kimondo hupita ukipepesa jicho. Hiki kilikwenda taratibu, zaidi ya dakika nzima, kikapotelea mashariki. Hakikutoa sauti yoyote.

Ndipo nikakumbuka alichonifundisha mhandisi. Mwanga hufika papo hapo, sauti huja kwa miguu. Kilomita mia moja, dakika tano. Ilikuwa bado njiani! Na sisi tulikuwa juu ya sikio lake na visigino vyetu.

Nikapaza sauti: kila mtu asimame alipo. Asitoke, kutoka ni kelele zaidi. Wakacheka. Prudencio akasema, "Shemeji, chini hapa ni barafu, si zulia." Sikumjibu kwa hasira. Sijui maneno yalitoka wapi. Nilisema nawaomba. Nilisema mwaka mzima nimewaambia kuna sauti inapita hapa na hakuna aliyeniamini, na mimi mwenyewe sijawahi kuisikia, lakini sasa inakuja na tumeiona ikianza safari. Dakika ishirini tu. Niliona aibu.

Wakasimama.

Kumi na mmoja juu ya viazi vilivyoganda, maji ya baridi yanapanda vidoleni. Aliyekuwa na mguu mmoja hewani aliushusha pole pole. Hakuna aliyekohoa. Nimeishi na watu hawa maisha yangu yote, sijawahi kuwasikia wakiwa kimya pamoja, hata kanisani. Niliwatazama mmoja mmoja nikaona wanangoja kweli, wameinamisha vichwa, kama mtu anayengoja kuitwa jina. Prudencio miguu imekuwa ya buluu, naye hakujongea. Nilimpenda kwa muda huo. Naliandika hili kwa kuwa hakuna atakayelisoma.

Sijui ilipita saa ngapi. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, inapita na hujui. Kwenye dakika ya kumi na mbili hivi mama mkwe aliweka mkono kifuani, akanitazama, akatikisa kichwa kukubali. Baadaye Eulalia alimuuliza alihisi nini. Kasema ni uji wa asubuhi.

Jumamosi, 15 Juni

Simu. Mhandisi anacheka na karibu analia. Kasema hajawahi kupata kumbukumbu safi namna ile. Kituo cha mbali nacho kimesikia, na vipande vimeangukia jangwa la chumvi, hakuna aliyeumia. Nikakaa chini juu ya jiwe. Nilihisi nimefanya kitu duniani.

Kisha akauliza jambo moja dogo. Kabla ya ule ukimya kuna nusu saa ya vishindo. "Bwana Wenceslao, hao ni lama gani wanaocheza kwa mdundo? Na waliambiwa na nani wasimame kabla sauti haijafika?"

Hapo palikuwa na mlango wazi. Ningesema: viazi ni vyangu, kosa ni langu, na niliyewasimamisha ni mimi. Maneno kumi tu. Lakini niliona ufunguo ukiondoka pamoja na hilo neno kosa. Nikasema si lama, ni watu. Watu wa Prudencio. Viazi vya Prudencio, kaingia kwa nguvu na mama yake. Akauliza nani aliwasimamisha. Nikaona nikisema ni mimi, ataniuliza mbona sikuwasimamisha langoni. Nikasema walisimama wenyewe.

Akasema, "Basi ni mtu wa ajabu huyo." Nilidhani anamlaani.

Jumapili, 23 Juni

Mkutano. Nimevaa kofia mpya. Mhandisi kaja na karatasi ndefu, kaionyesha kwa watu wote. Mwanzo wa mstari unapanda na kushuka kama manyoya yaliyosimama, hivyo ni visigino vyetu. Kisha mstari unanyooka kabisa. Watu waliutazama ule mnyoofu na nikajua kila mmoja anakumbuka miguu yake. Kisha katikati ya unyoofu, vilima vitano vidogo, vizuri, vimefuatana. Ile ndiyo sauti. Mtu mmoja alivua kofia.

Mhandisi akasema kosa lilifanyika, ndiyo, viazi havikupaswa kuwa pale. Lakini wa kuchunga kituo anatakiwa awe mtu anayeweza kuiacha riziki yake mwenyewe ikaharibika, na kusimama juu ya barafu, ili kitu cha mbali kisikike. Akaomba ufunguo apewe mtu huyo. Bwana Prudencio Yujra.

Wote wakanigeukia mimi, si Prudencio. Kwetu uongo wa mtu ni kama kofia yake, hakuna anayemvua, huvua mwenyewe. Walingoja. Walingoja kama siku ile kwenye viazi, na uvumilivu ule ule. Hata Prudencio alinipa nafasi, alijikuna shingo taratibu kabisa, akajifunga upya kamba za viatu vyote viwili.

Nikakohoa.

Prudencio akainuka akapokea ufunguo. Akashukuru. Akasema alifanya kile ambacho mtu yeyote angefanya.

Jioni kaja mlangoni kwangu na punda wanne na mama mkwe. Nikamuuliza anataka nini. Kasema amekuja kuchukua viazi vyake. Nikamwambia asinichekeshe. Kasema, "Shemeji, mhandisi analala kwangu, kesho anataka kuonja chuño iliyosimama juu ya sauti. Akiambiwa iko ghalani kwako tutamjibu nini?" Nikafungua ghala. Magunia tisa. Mama mkwe ndiye aliyeshika midomo ya magunia ikae wazi.

Jumatatu, 24 Juni

Siku ya Mtakatifu Yohane, siku ya baridi kuliko zote. Sina chuño, sina ufunguo. Watoto wamenipita njiani wakaniita Wenceslao tu.

Eulalia kaniketisha. Kasema mhandisi bado yuko kwa kaka yake, ni mwendo wa kumaliza sigara moja. Niende nimwambie kwa mdomo wangu: vilikuwa vyangu, niliwasimamisha mimi. Kasema yule mama ni mcheshi, atacheka, na kijiji kitacheka, na ufunguo utarudi kabla uji haujapoa. Kasema, "Sote tunajua ni wewe, baba Noemí. Sote tulikusikia ukiomba. Sijawahi kukuona mwanamume kama siku ile." Akanishika mkono. Miaka ishirini na sita ya ndoa, na sikumbuki kama alishawahi kuniambia hivyo.

Nimetoka nje kufikiri. Nimesimama uani mpaka miguu ikafa ganzi. Ana haki mke wangu. Ukweli ni kitu kizuri, na wakati wake umefika. Nimeamua kwa moyo mweupe kwamba mhandisi ataujua ukweli wote leo hii.

Ila ukweli una nguvu zaidi ukitoka kinywani mwa mtu asiye na faida nao. Kwa hiyo nimechukua karatasi. Nimeandika: Mheshimiwa Mhandisi, mimi ni Saturnina, mjane, kiziwi, na mama mzazi wa Prudencio, na nimeona kwa macho yangu mwenyewe jinsi mkwe wangu alivyo shujaa. Imekuwa kurasa tatu. Mama mkwe hajui kuandika, hilo linajulikana, kwa hiyo chini panatakiwa alama ya dole gumba. Nitaweka langu. Madole gumba yote yanafanana.